Babu wa Diwani

Naitwa Romana, mwenyekiti wa kitongoji hapa Kasimbi, mji mdogo ambao ukitokea Shanwe kwa bodaboda unafika kabla mgongo haujaanza kuuma. Kwa cheo changu hicho naingia kwenye kikao cha maendeleo ya kata. Nimekaa humo miaka, nimekunywa maji yao ya chupa, nimewasikiliza watu wazima wakijadili nusu saa nzima nani afungue kikao kwa sala. Kwa hiyo nikisema kikao chetu ni cha watu wa hovyo, siongei ya kuambiwa.

Mradi wa nyumba ulipokuja, wakauita Makazi Bora. Nyumba zina mabati ya bluu na vyoo vya ndani, ila maji ya vyoo hivyo bado tunayasubiri mpaka leo. Eneo walilochagua ni lile la mashamba ya mihogo nyuma ya zahanati. Watu walikuwa wamelima pale, na walikuwa wamezika pale, maana kwetu mtu akifa anazikwa shambani kwake. Mashamba yalilipwa fidia, hilo lilipita bila matata. Yakabaki makaburi, maana sheria inataka marehemu ahamishwe kwa heshima na ndugu zake wafidiwe.

Kikao kilikaa. Mwenyekiti wa kikao ni diwani wetu, mheshimiwa Zakayo Kasote, mtu wa tumbo la mbele na maneno ya redioni. Kulia kwake hukaa mtendaji wa kata, Edgar, ambaye kazi yake kubwa ni kukubaliana na diwani kabla diwani hajamaliza sentensi. Swali lilikuwa moja tu: tutayatambuaje makaburi? Mtu mwenye akili angesema tuwaulize wenye marehemu na majirani waliochimba. Wao wakaamua kaburi linalotambulika ni la saruji. La udongo halitambuliki.

"Na waliozikwa kwenye udongo?" niliuliza. "Séverine je? Mume wake yuko pale miaka minane, na kaburi lake ni la udongo."

"Mwenyekiti Romana, tusiongozwe na huruma," Zakayo alisema. "Kichuguu cha udongo hata panya buku anatengeneza. Tutajuaje kama chini kuna mtu?"

"Wewe unajua. Ulikuwepo kwenye mazishi. Ulikula wali, ukaomba kuongezewa."

"Mimi nahudhuria misiba mingi."

"Kaburi la udongo ni udongo," Edgar alidakia, akaandika.

Kisha diwani akashusha sauti, kama anatupa siri ya nchi. Akasema isitoshe, hao ndugu zetu wa kule, ukoo wao unajulikana uko wapi, na mtu hawezi kuja na historia ya juzi akadai kaburi. Neno mkimbizi hakulitamka, ana ujanja huo. Alisema "ndugu zetu wa kule" na wote pale mezani tulielewa. Sixte, mume wa Séverine, aliletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi wake wakikimbia Burundi. Akakulia huko, akalima tumbaku, akapewa uraia, akaapa, akahamia Kasimbi akanunua shamba lake kwa jasho. Alikuwa Mtanzania kuliko hiyo suti ya diwani, ambayo ni ya mtumba wa Ulaya. Nilimwambia hivyo. Akasema hoja yangu iko nje ya ajenda.

Basi habari ikatoka kwamba kaburi la saruji linalipwa. Wiki ile saruji iliisha madukani. Nakwambia, watu walikufa Kasimbi bila kuugua. Kila ukipita mashambani unakuta kaburi jipya linang'aa, mafundi wanamwagilia, mwenye kaburi amekaa pembeni anakula muwa. Kuna jirani yangu mmoja, mwanaume mzima na ndevu zake, alimwandika shangazi yake kwenye msalaba, na shangazi mwenyewe yuko Ikola anauza dagaa. Nilimuuliza haoni aibu. Akaniambia shangazi naye amekubali, mradi apewe kidogo.

La diwani lilizidi yote. Lilivikwa vigae vyeupe, vilivyobaki alipojenga bafu lake, na juu yake jina, Mzee Kasote. Huyo ni babu yake. Sasa babu huyo alizikwa Usevya, kando ya majaruba ya mpunga, na aliyetuambia ni Zakayo mwenyewe jukwaani, alipokuwa anaomba kura na kujisifu kwamba chimbuko lake ni Usevya. Tulimpigia makofi. Lakini wajumbe wote walipita pale kwenye vigae, wakainamisha vichwa, wakasema pumzika mzee wetu. Mgeni rasmi wa mkoani alipokuja kukagua, alipigwa picha nalo, akaliita kaburi la mfano, akaahidi kwamba siku ya kuhamisha ataanzia hapohapo.

Kwa Séverine walikwenda na rangi nyekundu. Edgar mwenyewe aliinama kwenye jiwe la kichwani akaandika HEWA. Kama wale watumishi hewa wa kwenye mishahara, yaani mtu ambaye hayupo. Nilimkuta Séverine amepiga magoti anasugua jiwe kwa steelwire na sabuni ya unga. Rangi haikutoka, ilisambaa tu.

"Mihogo yangu waliihesabu shina kwa shina," aliniambia. "Hata ule mti wa limao uliokauka waliuhesabu. Sixte hawakumhesabu."

Nilimwambia ningepigania alipwe. Akatikisa kichwa.

"Sitaki hela zao, mama Romana. Nataka wamtoe vizuri, mbele ya mtu wa afya. Wanipe shimo kule kwenye makaburi mapya wanakohamishia watu. Na niandike jina lake. Greda likipita hapa kabla sijamtoa, nitamwambia nini?"

Hakuwa analia. Séverine si mtu wa kulia mbele za watu. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na nikiwa na hasira pua yangu inachuruzika kama ya mtoto.

Tulikwenda naye ofisi ya kata. Edgar alitusikiliza huku anachezea simu. Akasema utaratibu haumruhusu kuhamisha mtu ambaye hayupo, na kama hayupo, basi hana mahali pa kutolewa wala pa kupelekwa. Alisema maneno hayo kwa upole kabisa, kama anamsaidia. Séverine akauliza kama anaweza kumtoa mwenyewe. Edgar akasema kufukua kaburi bila kibali ni kosa la jinai. Nilimuuliza kaburi gani, si amesema ni udongo? Akasema anaenda kupata chakula cha mchana. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mambo yaligeuka siku afisa afya alipoitwa kwenye kikao. Ni mwanamke mfupi, haongei sana, hapendi utani. Alieleza namna kazi itakavyofanyika: kila kaburi lililotambuliwa litafunguliwa mbele yake, ndugu wakiwepo, na mabaki yatawekwa kwenye sanduku, yeye ayaone kwa macho yake, ndipo yapelekwe makaburi mapya na kuombewa. Hakuna mabaki, hakuna fidia. Na asiye na mabaki atamweleza polisi alimjengea nani.

Wajumbe wote walianza kutafuta kitu chini ya meza, kama siku tulipoulizwa choo cha soko kimekwenda wapi. Watu hawa walikuwa wamefikiria saruji, msalaba, rangi na fidia. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijawajia kichwani, kwamba kaburi linakuwaga na mtu.

Kesho yake walianza kujiondoa. Mmoja alisema babu yake amemjia ndotoni akakataa kuhamishwa. Mwingine alisema ukoo wao una mwiko. Jirani yangu wa shangazi alibomoa kaburi kwa nyundo mchana kweupe, akazoa kokoto akaenda kuzibia dimbwi mlangoni kwake. Nilikaa kibarazani nawaangalia, na sikumbuki lini nilicheka vile.

Lakini Zakayo atajiondoa vipi? Kaburi lake ndilo la mfano. Mgeni rasmi ameshapigwa nalo picha, turubai limeshaagizwa, mchungaji wa Moravian ameshaambiwa aandae neno. Alizunguka siku mbili tatu na uso umemshuka. Halafu ghafla akachangamka, akaanza tena kusalimia watu kwa mikono miwili. Ningetakiwa kujua palepale kuna jambo, lakini sikujua.

Asubuhi ya shughuli Séverine alikuja kwangu, kanga yake ina udongo mpaka magotini.

"Sixte hayupo," alisema.

Nilimfuata mpaka shambani. Kaburi lilikuwa limechimbwa na kufukiwa ovyo, madongo mabichi yamelala juu ya maua aliyoyapanda, na lile jiwe la HEWA limerudishwa kichwa chini miguu juu. Kumbe walijua. Walipotaka kumnyima, hakukuwa na mtu pale chini, na walipomhitaji maiti wa kweli walikwenda moja kwa moja bila kuuliza njia.

Tulipofika kwenye shughuli, turubai lilikuwa limejaa. Mgeni rasmi amekaa kwenye kochi, diwani kavaa suti nyeusi na kitambaa begani cha kufiwa, kaburi la vigae limeshafunguliwa. Zakayo alikuwa anamweleza afisa afya kwamba ukoo umelazimika kuanza mapema, alfajiri, kwa sababu ya mila. Sanduku lipo juu ya meza, limefunikwa shuka jeupe.

"Mila sawa," alisema afisa afya. "Mimi nifungue nione."

Akafungua, akainama, akahesabu kimya kimya. Mchungaji naye akasogea na Biblia yake, akachungulia, akanyanyua kichwa.

"Mheshimiwa, mzee alikuwa Mkatoliki?"

Ndani ya sanduku, katikati ya mifupa ya mkono, kulikuwa na rozari ya plastiki ya bluu. Plastiki haiozi. Na ukoo wa Kasote unajulikana mkoa mzima ni Wamoravian wa kutupwa, na huyo mzee mwenyewe alikufa kabla plastiki haijafika Usevya.

"Babu alikuwa anaheshimu dini zote," alisema Zakayo.

Séverine alinishika mkono. "Nilimfunga mwenyewe mkononi," alininong'oneza. "Ni ya kwangu, ya kipaimara."

"Sema," nilimwambia. "Sema sasa hivi, mgeni rasmi yupo, polisi yule pale. Ukinyamaza nasema mimi."

"Nikisema, Sixte wanampeleka wapi?"

Nilifikiri. "Watamshika kama ushahidi. Polisi, halafu hospitali, halafu mahakamani."

"Mpaka lini?"

Kesi ya mbuzi wangu aliyeibiwa ina miaka mitatu, na mbuzi aliliwa siku ileile. Ng'ambo ya turubai greda lilikuwa limeshawashwa, linapasha injini, linasubiri tumalize. Séverine alitazama greda, akatazama sanduku, akauachia mkono wangu. Kisha akajipangusa udongo kwenye kanga akaenda mbele, akapita katikati ya wazee wa ukoo wa Kasote, akapiga magoti akaweka kiganja juu ya sanduku. Alisali Kirundi, taratibu, sala nzima. Hakuna aliyethubutu kumzuia, maana kwenye msiba nani anamzuia mtu kusali?

Alipomaliza alisimama akamgeukia diwani, akampa mkono.

"Mjukuu wangu, pole na msiba."

Zakayo alitabasamu kwa ajili ya mgeni rasmi. "Asante mama. Samahani, wewe ni..."

"Mimi ni mjane wake. Huyu kwenye sanduku ni mume wangu wa ndoa. Kama ni babu yako, basi mimi bibi yako. Kama si babu yako, sema, wakubwa wanasikia."

Mgeni rasmi akainua shingo. Afisa afya akaacha kuandika, akamtazama diwani, akasubiri. Polisi naye aliacha kutafuna. Nimemwona Zakayo akisema uongo mara nyingi na huwa unamtoka kirahisi, lakini ule aliutafuta mpaka jasho likamtiririka.

"Ni kweli," alisema. "Ni bibi yetu. Bibi mdogo."

Watu walitazamana. Séverine ana miaka hamsini na kidogo, diwani hamsini kasoro. Mzee mmoja wa ukoo wa Kasote alifungua mdomo, mwenzake akamkanyaga mguu, akaufunga. Mgeni rasmi akasema jambo jema sana, mjane apewe nafasi yake. Basi Séverine ndiye aliyetembea nyuma ya sanduku, ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, na Sixte alishuka chini kwa maombi, kwa nyimbo, mbele ya mtu wa afya, kama alivyotaka. Halafu wakaweka juu kile kigae kilichoandikwa Mzee Kasote. Nilimwona akikisoma.

Kesho yake asubuhi alibeba mkeka akaenda kwa diwani. Zakayo alikuwa ameshajigawia nyumba ya kwanza ya Makazi Bora, ile ya kona iliyojengwa kama mfano kabla ya greda kuingia mashambani. Séverine akatandika kibarazani akakaa. Diwani alipotoka na mkoba wake, alikuwa na wageni wawili kutoka halmashauri.

"Mume wangu," Séverine alimwita, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, "unaondoka bila kuninywesha chai?"

Wageni walicheka, wakamsifu diwani kwa kumtunza bibi. Mke wake, Leticia, alileta chai huku amevimba. Na Séverine alirudi kesho yake, na keshokutwa. Akija mgeni anajitambulisha, mimi ni bibi yake, mjane wa babu yake, yule tuliyemzika na mgeni rasmi. Akimaliza chai anaomba mafuta ya kupaka miguu. Alimwagiza diwani amnunulie kanga, na amtafutie kuku wa kufuga, na alipochelewa alimsema mbele ya wapiga kura kwamba mjukuu huyu hana adabu, babu yake angemchapa.

Nilikuwepo siku Zakayo alipomwita pembeni. Alinitaka niondoke, nikakataa.

"Mama, sema unataka kiasi gani," alimwambia.

"Bibi," Séverine alimrekebisha. "Sitaki hela. Toa kigae kile. Andika jina la mume wangu."

"Nikiandika jina hilo watajua nimeiba."

"Hapana. Watajua babu yako anaitwa Sixte Ndayizeye."

"Watasema mimi Mrundi." Akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Uchaguzi unakuja. Unajua hapa wanavyosema watu."

"Najua," alisema Séverine. "Nimeyasikia miaka yote. Sixte pia aliyasikia, na mengine uliyasema wewe. Sasa mwenzetu utayasikia kidogo, hutakufa. Au nenda polisi ukaeleze huyu ni nani. Mimi nipo hapa, sina haraka, chai yenu nzuri."

Zakayo alivumilia karibu mwezi. Mwishowe alimtuma fundi akabandue kigae, akaweka kingine, jina lote na miaka yote, na msalaba. Kikao kilichofuata Edgar alisimama kwa unyenyekevu wake ule, akatoa pole za kamati nzima kwa kuondokewa na Mzee Sixte Ndayizeye, babu mpendwa wa mheshimiwa. Mheshimiwa akaitikia asante. Tulipofika kwenye ajenda ya viwanja alianza kusema "ndugu zetu wa kule", akaona macho ya wajumbe wote yamemgeukia yeye, akaomba maji. Na kwenye kura za maoni mpinzani wake hakusema lolote baya. Alimwomba tu asalimie wajumbe kwa lugha ya babu yake.

Siku kigae kipya kilipokauka nilikwenda na Séverine makaburini. Alikisafisha kwa kanga yake, akapanda maua, akakaa kidogo. Tuliporudi tulipita kwa diwani achukue mkeka wake. Zakayo alikuwa mlangoni, amekonda, anatutazama kama anavyotazama mtu anayesubiri hukumu.

"Bibi," alisema, na naapa alikuwa hata hajui anasema nini, "na kesho utakuja?"

Séverine akaukunja mkeka, akautia kwapani.

"Nije kufanya nini? Mume wangu nimeshampata. Mjukuu simhitaji."